Moyo na Wasiwasi

Moyo ni mtumishi asiye na siku ya mapumziko. Mtu mzima akiwa ametulia, moyo wake kwa kawaida hupiga kati ya mara 60 na mara 100 kwa dakika. Kwa siku moja jumla yake hukaribia mara 100,000. Kazi hii hutendeka bila amri wala idhini yetu. Lakini usiku mmoja mtu aweza kulala kitandani akasikia pigo moja limeruka, na la pili limegonga kwa kishindo. Toka hapo huanza kuusikiliza moyo wake, na usingizi humhama.

Namfahamu mwalimu mmoja mstaafu aliyepatwa na jambo hili. Alinunua mashine ya kupimia shinikizo la damu. Alfajiri alijipima akapata 128 kwa 80, akafurahi. Adhuhuri alipata 151 kwa 92, akaingiwa na hofu. Kwa hofu ile alijipima tena, na hesabu ikazidi kupanda. Kufika magharibi alikuwa amejipima mara kumi na moja. Hakulima bustani yake, wala hakumwitikia mjukuu wake aliyemwita wacheze bao. Mashine aliyoinunua imtumikie ilikuwa imegeuka bwana wake.

Je, kosa lilikuwa la mashine? Hasha. Mwitalia Scipione Riva-Rocci alipobuni mkanda wa kupimia mwaka 1896, na Mrusi Nikolai Korotkov alipoeleza mwaka 1905 jinsi ya kusikiliza sauti za mshipa chini ya mkanda huo, waliwapa wanadamu hidaya kubwa. Shinikizo la damu aghalabu hupanda bila maumivu, likaja kupasua mshipa wa ubongo au kudhoofisha figo. Aogopaye kupimwa asije akajua ni sawa na mwenye nyumba afumbaye macho asione moshi. Kufumba macho hakuzimi moto.

Basi wako wawili waliopotea: asiyetaka kujua lolote, na atakaye kujua kila saa. Njia zao ni mbali mbali, lakini mtawala wao ni mmoja, naye ni hofu.

Damu haikai kama maji ya mtungi. Shinikizo lake hupanda mtu akwеapo kilima, aghadhibikapo au aogopapo, hushuka alalapo. Wako watu ambao lao hupanda kwa kumwona daktari tu. Hesabu moja, basi, ni shahidi mmoja, na hakimu mwadilifu hakati hukumu kwa kauli ya shahidi mmoja. Kadhalika, pigo linaloruka mara moja moja huwapata hata wenye afya njema. Lakini likifuatana na kuzirai, maumivu ya kifua au kukosa pumzi, hapana budi kwenda hospitali bila kukawia.

Muuguzi wa zahanati alimshauri mzee yule ajipime asubuhi na jioni tu, baada ya kuketi kimya dakika tano, mkono ukiwa usawa wa moyo; aandike, kisha afunge daftari. "Mwalimu," alisema kwa heshima, "hukuwa ukisahihisha mtihani kabla mwanafunzi hajamaliza kuandika. Mbona moyo wako huupi nafasi?" Baada ya wiki moja daftari lilisomwa. Hesabu zilikuwa juu kidogo. Akaambiwa apunguze chumvi, atembee kila siku, na arudi. Mzee alirejea kwenye bustani yake, na kwenye bao la mjukuu.

Tahadhari humwambia mtu, "Fanya lipasalo, kisha uendelee na kazi." Hofu humwambia, "Acha kazi, unisikilize mimi." Kijana, jifunze mapema kuzitambua sauti hizi mbili. Hatuna mamlaka juu ya idadi ya mapigo tuliyoandikiwa, lakini tunayo juu ya kazi itendwayo baina ya pigo moja na la pili.