Tahadhari na Hukumu

Tahadhari na hukumu ni watoto wa mama mmoja, naye ni shaka. Lakini mwenendo wao si mmoja. Tahadhari hutangulia madhara, wala haihitaji ushahidi. Hukumu hufuata madhara, na bila ushahidi ni dhuluma.

Jambo hili nilifunzwa Katesh, chini ya Mlima Hanang, wakati wa kiangazi ambapo upepo huingiza vumbi kila nyumba. Kompyuta yetu ilikuwa ikizimika ghafula kila mpwa wangu alipocheza mchezo. Nilipoandika barua haikuzimika. Nilijua kuwa kijana hutunga skripti, yaani amri fupi ziongozazo mchezo, na kwamba nyingine huzipokea kwa watu asiowajua. Nikamwambia mbele ya wenzake kuwa ameiharibu mashine. Neno hilo lilikuwa zito, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 huhesabu uharibifu wa data kwa makusudi kuwa jinai. Akajibu, “Mjomba, tuichunguze kwanza, ndipo unihukumu.”

Tulijaribu jambo moja moja. Tuliondoa skripti zote, ikazimika. Tulibadili waya wa umeme, ikazimika. Tulipoifungua, tulikuta vumbi limeziba feni na mapezi ya chuma yanayokipoza kichakataji. Mchezo hukitumikisha kichakataji kuliko barua, na joto likizidi kiasi, mashine hujizima isiungue.

Je, shaka yangu ilikuwa kosa? La. Skripti isiyo na mipaka yaweza kusoma au kufuta mafaili ya mwenye kompyuta. Kwa hiyo watengenezaji wenye busara huizungushia ua: Lua, lugha ya skripti iliyobuniwa Brazili mwaka 1993 na itumikayo katika michezo mingi, yaweza kunyimwa amri za kufikia mafaili. Wafugaji wa Mbulu na Hanang hufunga boma kabla fisi hajaonekana, na hakuna jirani aonaye kuwa ametukanwa. Ningalijenga ua mapema, nisingalimkosea mtu. Mimi niliacha kujenga ua, nikaharakisha kuhukumu.

Vumbi la feni liliondoka kwa brashi siku ileile. Kijana nilimtaka radhi mbele ya wenzake walewale, akanisamehe. Lakini tangu siku hiyo huniomba ruhusa hata ya kuiwasha mashine.