Usalama wa Nani Jozani?

Anayetoka Mji Mkongwe kwenda msitu wa Jozani, mwendo wa kilomita 35 hivi, huulizwa na wenyeji wake: umevaa viatu vya kufunika miguu? Umechukua maji na dawa ya mbu? Maswali hayo yana haki yake. Siafu hawana msamaha, na mizizi iliyotambaa njiani humwangusha asiyetazama chini. Uislamu, dini ya Wazanzibari walio wengi, haukutenganisha kumtegemea Mungu na kujihadhari: Mtume alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo atawakali.

Swali gumu ni jingine. Je, tahadhari hiyo ni kwa ajili ya mgeni peke yake?

Unguja inalo jibu linaloumiza. Kisiwani hapa palikuwa na chui. Wengi waliamini kwamba wachawi huwafuga na kuwatuma kudhuru watu, na baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaendeshwa kampeni ya kusaka wachawi na chui kwa pamoja. Watu waliutafuta usalama wao kwa dhati. Leo wataalamu wengi wanamhesabu chui huyo kuwa ametoweka.

Kwa hiyo anayeingia Jozani sasa hana mnyama wa kumla. Atakutana na kima punju, ambaye asili yake ni Unguja tu. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba wamebaki zaidi kidogo ya 5,800. Hapo anayehitaji kulindwa ni mwenyeji wa msitu, yaani kima. Maradhi ya kifua ya binadamu yanaweza kumpata. Ndizi mbivu anayorushiwa humdhuru, maana tumbo lake limeumbwa kuchachusha majani na matunda mabichi. Hata safari yenyewe ina hatari kwake: barabara ya kusini inapita msituni, na kima wengi waligongwa na magari kabla ya matuta kuwekwa.

Kurani, katika Sura Al-An'am, inawataja wanyama kuwa ni umma mfano wa wanadamu. Anayeliamini hilo huingia msituni kama aingiavyo nyumba ya watu, kwa hodi na adabu. Masharti ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, yanapata uzito mpya kwake: kufuatana na mtembezaji, kukaa mbali na kima, kutowalisha wala kuwagusa. Fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, nayo imekataza kudhuru, na haikuweka sharti kwamba anayedhuriwa awe na ulimi wa kushtaki.

Mtihani wa imani hiyo huja asubuhi ya safari, mtu anapoamka na mafua. Gari limeshalipiwa, watoto wamevaa, na langoni hakuna atakayempima. Mafua hayo kwake ni ya siku chache. Kwa kundi la kima hakuna anayeweza kumhakikishia hivyo. Aahirishe, hata kama nauli haitarudi.