Kuweka Akiba ya Uzazi

Twaulizwa: yafaa mwanamke Mwislamu kutolewa mayai yake ya uzazi, yakagandishwa, yakawekwa mpaka siku atakayoyahitaji? Wako waliokwisha kujibu kabla ya kulifahamu swali, wakasema huku ni kuingilia kazi ya Mwenyezi Mungu. Lau hoja hiyo ingesimama, basi hata kumeza dawa ya homa kungekuwa haramu.

Hakika ya jambo lenyewe ni hii. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote. Kila mwaka hupungua, na yaliyobaki hudhoofika, khasa baada ya miaka 35. Tabibu humpiga sindano za kuyakuza kwa siku kumi hivi au zaidi, kisha huyavuta, yakagandishwa ghafula na kuwekwa katika naitrojeni ya majimaji, baridi ya digrii 196 chini ya sifuri. Mtoto wa kwanza aliyetokana na yai la namna hii alitangazwa Australia mwaka 1986.

Mwaka huo huo Majmaa ya Fikihi ya Kiislamu ilikutana Amman, ikapitisha kuwa mbegu za mume na yai la mkewe zaweza kukutanishwa nje ya mwili, kisha zikarejeshwa katika tumbo la mke yuyo huyo, pakiwapo haja na tahadhari. Ikaharamisha yai la mwengine, mbegu za mwengine na tumbo la kukodi. Na mwaka 2019 Darul-Iftaa ya Misri ikajuzisha kugandisha mayai, kwa sharti yatumiwe na mke na mume wangali katika ndoa.

Basi uzito hauko katika barafu, uko katika muda. Yai laweza kukaa miaka, na ndoa yaweza kuvunjika kwa neno moja. Yai tupu labaki la mwanamke, hata akiolewa na mwengine. Lakini lililokwisha kutiwa mbegu za mume aliyekufa halina tena njia ya halali. Na chombo kilichoandikwa jina kwa makosa chaharibu nasaba. Khofu hii ndiyo ya haki.

Amma msichana aliyepatwa na saratani, na dawa za kumponya zaweza kuua mayai yake, sioni njia ya kumzuia, ameolewa au hajaolewa. Kwa mwanamwali mayai yaweza kuvutwa kwa upande wa tumbo.

Lakini aliye mzima, akaambiwa aahirishe ndoa kwa kuwa akiba ipo? Yai si mtoto. Mengi hayashiki mimba, na ayawekaye akiwa na miaka 40 ameweka mayai ya miaka 40. Siwezi kumwambia ni haramu, namwambia asidanganyike. (Nasi tumlaumu kidogo tu: twapandisha mahari na gharama za harusi mpaka vijana wakimbie posa, kisha twamuuliza binti mbona amechelewa.) Na atakayeazimia, naaandikishe mapema mbele ya mashahidi kwamba akifa, mayai yake yatupwe, asipewe mtu.