Mpaji na Mpewa: Je, Urafiki Wawezekana?

Wahenga walisema kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hii imekuwa kama sarafu iliyochakaa kwa kupita katika mikono mingi: thamani yake hukubaliwa na kila mtu, bali maandishi yake hayasomwi tena. Tukiyasoma upya tutaona kwamba methali yatupa alama ya kumtambua rafiki. Haisemi kwamba kila mwenye kutufaa ni rafiki yetu. Mganga hutufaa katika ugonjwa, mkopeshaji katika uhitaji, na mpita njia asiyetujua huweza kututoa shimoni akaenda zake. Wote hao wastahili shukrani, lakini si wote tuwezao kuwaita marafiki. Basi kati ya kufaa na urafiki kuna pengo. Nia yangu katika makala haya ni kulichungua pengo hilo kwa kutazama jambo moja la zama zetu, nalo ni urafiki unaofungwa baina ya usharika wa kanisa katika nchi tajiri na usharika wa kijiji cha mbali katika nchi maskini.

Mahusiano ya namna hii ni mengi. Mfano mmoja ulio wazi ni ule uitwao Bega kwa Bega, ambao tangu mwaka 1987 umeziunganisha sharika za Kilutheri za Sinodi ya Saint Paul, katika jimbo la Minnesota, Marekani, na zile za Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Usharika wa huko huunganishwa na usharika wa huku. Barua hupelekwa, wageni huzuru, watu huombeana, na fedha hutumwa kwa karo za wanafunzi, kwa visima, kwa tiba na kwa majengo. Minnesota ni nchi ya maziwa ambayo wakati wa baridi huganda hata watu wakapita juu yake na magari; Iringa ni nchi ya nyanda za juu na mashamba ya mahindi, ambako wakati wa masika njia za vijiji vingine hugeuka matope zisipitike. Watu wa pande hizi mbili wasingalijuana kamwe kama wasingalikusudia kujuana.

Jina walilojichagulia lataka kufikiriwa. Bega kwa bega ni mwendo wa watu wawili chini ya mzigo mmoja, na jina hilo ladai usawa. Kila aliyepata kuchukua gogo na mwenziwe ajua kwamba mmoja akiwa mrefu na mwingine mfupi, uzito humtelemkia mfupi. Katika kupeana mambo ni vivyo hivyo. Aliye mrefu kwa mali hutoa akasahau. Aliye mfupi hubaki na uzito wa shukrani, wa taarifa za matumizi, na wa kutabasamu mbele ya kila mgeni ajaye na kamera. Je, watu wa urefu mbalimbali waweza kweli kwenda bega kwa bega? Swali hili si la Iringa tu, wala si la kanisa tu. Ni swali la kila mahali ambapo mwenye nacho amemwita asiye nacho rafiki.

Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alilichungua jambo hili katika vitabu vyake vya maadili. Aliugawa urafiki mafungu matatu: urafiki wa manufaa, urafiki wa furaha, na urafiki wa wema, ambamo mtu humtakia mwenziwe heri kwa ajili ya mwenziwe. Juu ya umbali alisema kwamba hauvunji urafiki wenyewe, ila huzuia matendo yake, na kutoonana kukizidi husahauliza. Juu ya tofauti alikuwa mkali zaidi: pengo la hali baina ya watu wawili likiwa kubwa mno, urafiki hukoma, na hata hawatazamii kuwa marafiki. Tena aliikumbuka methali ya kwao isemayo kwamba watu hawajuani mpaka wamekula chumvi pamoja. Sisi nasi twasema juu ya mzee kwamba amekula chumvi nyingi, yaani ameishi miaka mingi. Chumvi ya Wayunani ilipima ujuano. Yetu hupima umri. Na zote mbili zakiri kwamba kitu hiki hakipatikani kwa siku moja.

Tukimfuata mwanafalsafa huyu, urafiki wa sharika una vizuizi viwili, umbali na tofauti. Kizuizi cha kwanza, nionavyo mimi, historia yetu wenyewe yakijibu. Katika karne ya 19 misafara ya Wanyamwezi ilitembea miezi kati ya bara na pwani, ikipita katika nchi za watu wa lugha nyingine. Msafiri alikuwa na ndugu wa kuchanjiana mbele ya safari, na utani uliokua baina ya makabila ulimpa mgeni haki ya kula, kulala na hata kuzikwa katika nchi isiyo yake. Hawakuonana kila siku, pengine hata kila mwaka. Walakini uhusiano wao ulidumu kwa sababu ulikuwa na wajibu wa pande mbili: mwenyeji wa leo alijua kwamba kesho yeye ndiye atakayekuwa mgeni. Mtani alikuwa na ruhusa ya kumtukana mwenziwe, na mwenziwe kumrudishia. Hapana atukanaye hivyo mtu anayemwogopa, wala mtu anayemhurumia. Hata methali yetu juu ya mgeni, kwamba siku ya tatu apewe jembe, si methali ya uchoyo. Jembe humtoa mgeni katika kiti cha heshima likamtia katika kazi ya nyumba, na hapo ndipo aanzapo kuwa mtu wa nyumba. Mgeni asiyepewa jembe kamwe amewekwa mbali kwa adabu.

Kizuizi cha pili ni kigumu zaidi. Mwaka 1910 wamisionari wa mataifa mengi walikutana Edinburgh. Miongoni mwa wachache waliotoka Asia alikuwa V. S. Azariah wa India ya Kusini, ambaye miaka miwili baadaye alikuwa Mhindi wa kwanza kufanywa askofu wa Kianglikana. Aliwashukuru waliohudhuria kwa mali na nafsi zilizotolewa kwa ajili ya watu wake. Kisha akawaomba kitu ambacho hawakuwa wamekitoa bado, marafiki. Miaka 61 baadaye, katika mwaka 1971, John Gatu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki alikwenda Marekani akawaambia waliomwalika kwamba ingefaa wazuie kwa muda watu na fedha walizopeleka Afrika. Na mwaka 1974 jambo hilo likajadiliwa sana katika mkutano wa makanisa ya Afrika huko Lusaka. Wengine walidhani kwamba huo ni utovu wa shukrani. Lakini Azariah aliyeomba na Gatu aliyekataa walisema neno moja: kipawa kisicho na urafiki humwongeza mpaji na kumpunguza mpewa.

Najua jibu litakalotolewa. Mtoto mwenye homa haulizi dawa imetoka wapi, na mama atekaye maji ya kisima karibu na mlango wake hana haja ya falsafa yetu. Jibu hili ni la haki, na mwandishi aliyeshiba asilipuuze. Sisemi kwamba misaada ikome. Nasema kwamba msaada ni kitu kimoja na urafiki ni kingine, na kwamba tukiuita msaada urafiki, tutalazimika siku moja kuusema uongo ili jina lidumu. Ushahidi wa neno hili sikuupata vitabuni. Naueleza kwa aibu.

Nilipokuwa mwanafunzi nilipewa kazi ya kutafsiri barua za usharika mmoja wa kijijini zilizopelekwa kwa marafiki wa ng'ambo. Usharika huo siutaji, wala haumo katika uhusiano nilioutolea mfano hapo juu. Siku moja habari ilifika kwamba mama mmoja wa upande wa pili, aliyekuwa amekizuru kijiji, amefiwa na mumewe. Bibi mmoja, mzee wa kanisa, asiyejua kuandika, aliniita nimwandikie barua. Kwanza alitaka kujua ni nani aliyelala na mjane nyumbani siku za matanga, maana alisikia kwamba huko watu hukaa mbalimbali. Kisha alisema kwamba wanawake wa kijiji walikuwa wameketi tanga siku moja kwa ajili ya marehemu, wakachanga rambirambi, shilingi 4,300, naye aliomba zifike. Alizifungua katika upindo wa kanga akanipa.

Nilipoipeleka barua kwa kamati, niliambiwa niyaondoe maneno hayo. Fedha zilikuwa chache, zingetuaibisha. Tena gharama ya kuzipeleka ingezizidi zenyewe. Wenzetu walikuwa wakingoja habari za mabati ya paa, na swali la nani kalala na nani katika matanga lisingefahamika. Nilikubali. Niliandika barua nzuri juu ya mabati. Zile shilingi zikanunua misumari.

Mwaka uliofuata nilirudi kijijini. Bibi aliniuliza, “Mjukuu wangu, yule mwenzetu alijibu nini?” Nikasema hajajibu. Alifikiri kidogo, akasema, “Pengine kwao pole haiitikiwi.” Hakumlaumu. Aliendelea kumwombea mjane yule kwa jina lake kila Jumapili, jina ambalo ulimi wake haukuliweza, mpaka naye akafa. Nami sikumwambia kweli.

Nimeipima hatia hiyo mara nyingi. Yule bibi nilimnyima heshima ya kuwa mpaji. Yule mjane nilimnyima faraja ambayo labda hapana mtu mwingine aliyempa. Na sharika zote mbili nilizinyima siku moja ambayo zingaliweza kuwa kitu walichosema kuwa ni. Rambirambi ile ndiyo iliyokuwa urafiki. Mabati yalikuwa mabati. Tena sikuamriwa na mtu wa ng'ambo. Hapana tajiri aliyenikataza. Sisi wenyewe tulikuwa tumekwisha kubali kwamba kazi yetu ni kupokea, na tuliona hasara kuonekana tukitoa, kwa maana atoaye si maskini wa kutosha. Kwa hiyo ni kosa kudhani kwamba kiburi cha mpaji ndicho pekee kiharibucho jambo hili. Werevu wa mpewa huliharibu vilevile.

Imeandikwa kwamba ni heri kutoa kuliko kupokea. Tukiamini neno hilo, na tuliamini mpaka mwisho wake. Anayetoa siku zote asikubali kupokea amejiwekea heri yote peke yake, na ukarimu wake umekuwa namna ya uchoyo. Paulo alipowahimiza Wakorintho wawachangie watu wa Yerusalemu, ambao wengi wao walikuwa hawajapata kuwaona, hakuitaja huruma tu. Alitaja usawa: leo wingi wa hawa ujaze upungufu wa wale, ili kwamba wingi wa wale nao ujaze upungufu wa hawa. Changizo lile lilivuka bahari, na hesabu yake ilikuwa ya pande mbili. Wahenga wetu walilijua jambo hili kwa njia fupi waliposema kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hiyo huambiwa matajiri ili watoe. Ingefaa pia waambiwe maskini, ili wasijidhani kuwa hawana cha kutoa, na waambiwe matajiri mara ya pili, ili wajifunze kupokea.

Narudi sasa kwenye swali. Mpaji na mpewa, wakibaki hivyo, hawawezi kuwa marafiki. Hapo namkubali Aristotle. Walakini hapana mtu aliyezaliwa mpaji, wala aliyezaliwa mpewa. Mali ni kipimo kimoja tu cha urefu wa mtu. Katika msiba, katika uzee, katika upweke na katika kumtafuta Mungu, mabega yaweza kulingana, au mrefu akawa mfupi. Urafiki wa mbali wawezekana ikiwa kila upande waijua dhiki ya mwenziwe, si moja wa pande hizo tu. Ikiwa kila upande waweza kukataa bila hofu. Na ikiwa wangeendelea kuandikiana siku ambayo hapana mradi wa kuandikia. Na kwa kuwa aghalabu wao hawana lugha moja, yawapasa wawe na mkalimani asiyewaonea haya.

Ile karatasi niliyoandikia maneno ya bibi ningali nayo. Nimeitafsiri upya, yote, pamoja na swali la matanga na hesabu ya shilingi 4,300, na chini yake nimeeleza kwa nini imechelewa miaka zaidi ya ishirini. Mjane yule huenda akawa hai, huenda asiwe. Barua nitaipeleka.