Muziki ni wa Nani?

Hapa Bariadi jamaa wananiambia simfoni ni mambo ya Wazungu. Wasukuma tuna Bagika na Bagalu wetu. Sawa. Lakini muziki una mwenyewe? Mwaka 1994 Armand Diangienda alianzisha orkestra ya simfoni Kinshasa. Vyombo vilikuwa haba, wapigaji wakapokezana. Uzi wa fidla ukikatika, waliweka waya wa breki ya baiskeli. Simfoni ya Tisa ya Beethoven wakaipiga. Eti si yao? Kijana anayepiga peke yake mbele ya orkestra hatofautiani na manju wetu: wote wanasimama kwa kuwa kuna wanaowaitikia. Kumkataza mtoto wa Bariadi fidla, bwana, ni kumnyima chake.