Mama wa Mwizi Naye Analia

Mwaka 1970 mwimbaji wa Italia, Fabrizio De André, alitoa santuri iitwayo La buona novella, yaani Habari Njema: nyimbo kumi zenye majonzi zinazofuatana kama hadithi moja, tangu utoto wa Maria hadi msalabani. Katika wimbo wa "Tre madri" Maria hayuko peke yake Golgota. Wapo pia mama wa wale wezi wawili, Tito na Dimaco, nao wanamwomba apunguze kilio, maana mwanawe atafufuka siku ya tatu. Wa kwao ndiyo basi. Maria anajibu kwamba mwanawe asingekuwa Mwana wa Mungu, angekuwa naye hadi leo. Hapo linazuka swali ambalo Mkristo wa hapa kwetu Mungaa hawezi kulikwepa: je, machozi ya mama wa mwizi yana thamani mbele za Mungu?

Nasema yanayo, sawa na ya mama yeyote. Tumezoea kusoma magazetini kwamba kijana ameuawa na "wananchi wenye hasira kali", na habari inaishia hapo. Anayebaki na maiti ni mama yake. Remmy Ongala alituimbia "Sauti ya Mnyonge" mwaka 1989, na mnyonge asiye na hatia ni rahisi kumpenda. Mama wa mwizi ni mtihani mgumu zaidi, kwa sababu mwanawe huenda aliiba kweli. Lakini mtoto anapozaliwa hospitali, kama pale Makiungu ambako masista walianza kutibu watu mwaka 1954, hufungwa mkononi plasta yenye jina la mama. Kabla hajawa mwema au mwovu, tayari ni mtoto wa fulani. Wizi alioufanya baadaye hauifuti plasta ile.

Wapo watakaosema hadithi hii imechotwa katika vitabu ambavyo Kanisa halikuvipokea. Ni kweli, majina ya Tito na Dimaco yametoka huko. Ila wezi wenyewe wamo katika Luka 23, na mmoja wao aliahidiwa pepo; kwamba walizaliwa na wanawake si jambo linalohitaji kitabu cha kulithibitisha. Pingamizi zito ni la aliyeibiwa: mtu aliyeamka akakuta zizi tupu, ng'ombe wote wamekwenda, atasema kumlilia mwizi ni kumtukana yeye. Ana haki ya kudai ng'ombe wake, na mahakama ipo kwa ajili hiyo. Lakini kuhukumu tendo ni jambo moja, kumzika mtu ni jingine, na msiba haujawahi kuwa cheti cha tabia njema. Tukiruhusu mkeka wa matanga ugeuke kizimba, hakuna atakayestahili kuliliwa.

Kwa hiyo nawaomba wanakwaya na wanajumuiya wa Mungaa: akiletwa kijana aliyeuawa kwa tuhuma za wizi, msiseme hakuwa wa jumuiya. Nendeni mkakae na mama yake.