Heshima ya Dawa ni Kupimwa

Utamaduni wa taifa si ngoma na mavazi peke yake. Ni pamoja na elimu waliyotuachia wazee wetu juu ya ardhi, mvua, mifugo na miti. Na katika elimu hiyo imo tiba. Wakati wa ukoloni mganga alichanganywa na mchawi, na ujuzi wake ukaitwa ushenzi. Baada ya Uhuru tuliikataa dharau hiyo. Mwaka 1974 kilianzishwa Muhimbili kitengo cha kuchunguza dawa za asili, ambacho baadaye kilikua kikawa taasisi kamili. Na mwaka 2002 Bunge la Tanzania lilitunga sheria ya tiba asili na tiba mbadala. Lakini kukataa dharau ni jambo moja, na kujua namna ya kuheshimu ni jambo jingine. Je, dawa ya jadi huheshimiwa kwa kuaminiwa tu, au kwa kupimwa?

Tulitazame swali hili kwa mfano wa kisukari cha aina ya pili. Katika maradhi haya mwili hushindwa kuitumia vema insulini itokayo katika kongosho, na sukari hurundikana katika damu. Wagonjwa wetu wengi hutumia mimea: mbegu za zambarau zilizokaushwa na kusagwa, tunda chungu la karela, majani ya mlonge. Hatuna sababu ya kuwacheka. Huko Ulaya ulikuwapo mmea uitwao Galega officinalis, uliotumika tangu kale katika tiba za kienyeji. Wataalamu waligundua kwamba una kemikali ya kushusha sukari, lakini pia kwamba ni sumu kwa mifugo. Mwaka 1922 ilitengenezwa metformini, dawa ya jamaa ya kemikali hiyo. Na mwaka 1957 daktari Jean Sterne wa Ufaransa alitangaza matokeo ya kuwatibu wagonjwa wa kisukari kwayo. Leo vidonge vyake hutumika duniani kote. Mmea ule haukudharauliwa, wala haukuaminiwa ovyo. Ulipimwa.

Atatokea mtu aseme: “Baba yangu alikunywa mzizi, akapata nafuu, mwataka ushahidi gani tena?” Hapa ndipo kisukari kinapotofautiana na jipu. Jipu likipona, kila mwenye macho huliona. Kisukari cha aina ya pili chaweza kukaa mwilini miaka mingi pasipo maumivu, huku kikiharibu macho, figo na mishipa ya miguu. Mgonjwa anaweza kusema kwa moyo mweupe kwamba amepona, na damu yake ikamkanusha. Hasemi uongo, maradhi ndiyo yanayomdanganya. Mwaka 2011 maelfu ya watu walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500, wakiwamo wenye kisukari. Imani yao ilikuwa ya kweli. Lakini imani haipimi sukari.

Upo na ukimya wenye hatari. Mgonjwa anywaye dawa ya mitishamba humficha daktari kwa kuogopa kudhihakiwa. Ikiwa dawa hiyo haifanyi kazi, naye ameacha vidonge vyake, anaangamia polepole. Ikiwa inafanya kazi, naye anaichanganya na vidonge, sukari yaweza kushuka mno hata akazimia. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini lawama si ya mgonjwa peke yake. Daktari anayecheka ndiye amfundishaye kuficha.

Mganga naye huificha dawa yake, na ana sababu. Akiitaja, nani atakayemlinda asinyang’anywe? Haki yadai kwamba atoaye ujuzi atambuliwe na apate sehemu ya faida yake. Hata hivyo, siri isiyorithishwa huzikwa pamoja na mwenyewe, na siri isiyopimwa yaweza kumzika mwingine.

Kwa hiyo kusema “hii ni ya jadi, isiulizwe” si heshima. Ni kumfanya mzee wetu kama mtoto ambaye maneno yake hayahitaji kuchunguzwa. Wazee wenyewe hawakuijua miti kwa kuota; waliijua kwa kuonja, kulinganisha, kukosea na kukumbuka. Kupima ni kuiendeleza kazi yao.

Wewe mwanafunzi, ukirudi nyumbani likizo, muulize bibi yako jina la mti, sehemu itumikayo na kiasi chake, uandike. Na ikiwa ana kisukari, usimwambie aitupe dawa yake. Wala usimwache aache vidonge alivyopewa, kwani hadi leo hakuna hata mmoja kati ya mimea tuliyoitaja uliothibitishwa kuwa badala yake. Mshike mkono, mwende pamoja zahanati, naye aitaje dawa yake pasipo haya. Usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini mbacha nao hukung’utwa kabla ya kulaliwa.